Andrew Foster: Kiziwi Aliyewahi Kusikia

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa ualimu, majina ya kina Piaget, Vygotsky na Skinner tunayabeba kichwani mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Nipo mwaka wa tatu sasa, na bado sijakutana na swali hata moja linalomtaja Andrew Foster. Inashangaza, maana huyu alisomea ualimu kama sisi, akaanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, na akafariki hapa jirani, Rwanda, mwaka 1987. Naomba nafasi katika jarida letu nisimulie maisha yake. Wanaomwandika huwa wanasema alipoteza usikivu akiwa na miaka 11, halafu wanasonga mbele. Mimi nitasimama kidogo kwenye hiyo miaka 11, kwa sababu nadhani ndiyo inayoyaeleza maisha yake yote.

Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925, Ensley, jirani na mji wa Birmingham katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Zama zile mtu mweusi wa Alabama alikuwa na shule yake, mlango wake na kiti chake kwenye basi, vyote vya hali ya chini. Mwaka 1936 yeye na ndugu yake waliugua homa ya uti wa mgongo. Walipona wote wawili, lakini wote wawili wakawa viziwi.

Homa hii inafanyaje hiyo kazi? Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojisokota kama konokono, wataalamu wanakiita koklea. Humo mna seli kama 15,000 zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika, na mtikisiko ule unageuzwa kuwa ishara ya umeme inayopita kwenye neva kwenda kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuingia hadi humo na kuziua seli hizo. Kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo mlango wa sauti ulifungwa kwa Foster akiwa na miaka 11, na haukufunguka tena.

Lakini kufungwa mlango si sawa na kutokuwa na nyumba. Hapa ndipo inabidi tuingie kwenye biolojia kidogo. Mniwie radhi wenzangu wa sanaa, haitachukua muda.

Mtoto anapozaliwa, sikio lake liko tayari kabisa. Koklea huanza kufanya kazi mimba ikiwa na kama miezi sita, ndiyo maana mtoto mchanga wa siku chache tu anaitofautisha sauti ya mama yake na ya mwanamke mwingine. Ambacho hakijawa tayari ni ubongo. Neva zinazobeba sauti kutoka sikioni zinahitaji kufunikwa na utando wa mafuta ili ishara ipite upesi, na kazi ya kuzifunika neva hizo katika shina la ubongo huendelea mpaka mtoto anakaribia miaka miwili. Juu zaidi, kwenye gamba la ubongo ambako sauti inageuka kuwa neno, mambo huchukua muda mrefu zaidi.

Seli za neva huzungumza kupitia sehemu za kukutania zinazoitwa sinapsi. Katika eneo la ubongo linaloshughulikia sauti, idadi ya sinapsi hufika kilele mtoto akiwa na umri wa kama miezi mitatu. Baada ya hapo kazi inayofanyika ni ya kupunguza: zinazotumika zinaimarishwa, zisizotumika zinaondolewa, na upunguzaji huo huendelea mpaka umri wa kama miaka 12. Aliyekulia kijijini ataelewa haraka. Mvua za kwanza zikinyesha, nyasi zinafunika kila mahali. Njia inayopitwa kila siku na watoto wa shule, ng'ombe na akina mama wa kisimani inabaki wazi, na kadiri inavyopitwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu na pana. Njia isiyopitwa, ukirudi likizo unakuta imeshakuwa pori.

Mfano wake uko masikioni mwetu wenyewe. Mtoto wa miezi sita, popote alipozaliwa, anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia. Akikaribia mwaka mmoja uwezo huo unafifia, na anabaki hodari wa sauti za lugha ya nyumbani. Mimi ni Mfipa wa Msanzi, wilaya ya Kalambo. Kabla sijatamka neno lolote, ubongo wangu ulikuwa umeshachagua Kifipa. Kiswahili kilikuja juu ya msingi huo, na Kiingereza juu ya vyote viwili, ndiyo maana mpaka leo kuna maneno ya Kiingereza ambayo nikiyatamka mbele ya darasa wenzangu wanachekea pembeni.

Waliochunguza ubongo wa binadamu kwa darubini wameona kwamba nyuzi za seli katika eneo la kusikia hukomaa kwa awamu. Tabaka za chini hukomaa kati ya miezi sita na miaka mitano. Tabaka za juu, zile zinazounganisha sehemu moja ya gamba na nyingine, huanza baadaye, na kwenye umri wa miaka 11 au 12 ndipo huonekana kama za mtu mzima.

Sasa rudi kwa Foster. Miaka 11. Homa ilimfikia wakati kazi hiyo inaelekea kwisha. Alikuwa amesikia miaka yote muhimu: sauti ya mama, makelele ya mtaani, nyimbo, hadithi, mwalimu akisoma kwa sauti. Kiingereza kilikuwa kimeshakaa kichwani mwake na sarufi yake yote. Homa ilimnyang'anya sauti, lugha ilimwachia. Ndiyo maana nimemwita kiziwi aliyewahi kusikia, na neno kuwahi nalitumia kwa maana zake zote mbili. Alipata kusikia, na alifika mapema kabla lango halijafungwa.

Wapo ambao hawakuwahi. Kwetu kijijini yupo kijana tuliyelingana umri, nyumba yao haiko mbali na yetu. Alipata homa kali kabla hajatimiza mwaka, na mpaka anafika kama miaka mitatu watu walidhani ni mtoto mkimya tu. Watu wanamwita bubu, ingawa koo lake halina tatizo lolote. Yeye na mama yake wametunga alama zao za nyumbani: maji, ugali, ng'ombe, baba, njoo, acha. Tulipoanza darasa la kwanza alikaa dawati la nyuma, akawa ananakili kila kilichoandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwangu. Jina lake aliliandika vilevile kama mtu anayechora ua, bila kujua kwamba ni lake. Hakufika darasa la nne. Ukimpa baiskeli iliyoharibika anaitengeneza, ukimpa jembe la kukokotwa na ng'ombe analirekebisha. Akili anayo. Alichokosa ni lugha katika miaka ile ambayo ubongo unaisubiri.

Tofauti kati yake na Foster haikuwa ya bidii wala ya kipaji. Ilikuwa ya muda. Na Foster alikuja kutumia karibu nusu ya maisha yake akiwatafuta watoto wa aina ya huyu jirani yangu.

Njia ya kufika huko haikuwa laini. Alabama ilikuwa na shule ya watoto weusi viziwi mjini Talladega. Huko ndiko alikojifunza lugha ya alama, lakini masomo kwa watoto kama yeye yalikomea madarasa ya chini. Mwaka 1942, akiwa na miaka 17, alihamia jimbo la Michigan kaskazini kutafuta kazi na shule. Mchana kazi, usiku vitabu. Alipata cheti cha biashara Detroit, kisha akamaliza sekondari kwa njia ya posta, mwaka 1951. Ninyi mnaolalamika bumu limechelewa wiki mbili, mfikirieni mtu aliyesoma sekondari nzima kwa barua, hana mwalimu wa kumwona wala mwenzake wa kubishana naye.

Nataka mwone kitu hapo. Kusoma kwa barua kunawezekana kwa sababu mtu ana lugha kichwani. Anasoma sentensi, na maneno yanakutana na kitu ambacho tayari kipo ndani. Kwa mtoto ambaye hakuwahi kupata lugha yoyote, barua ile ingekuwa michoro mitupu.

Chuo cha Gallaudet, Washington, ndicho kilichokuwa chuo cha viziwi kinachojulikana kuliko vyote duniani. Kilianza mwaka 1864. Foster aliomba akakataliwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake. Hakuacha kuomba. Mwaka 1951 akapokelewa, na mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza hapo. Shahada yenyewe ilikuwa ya elimu. Mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili ya elimu Michigan, na mwaka 1956 shahada nyingine ya masuala ya umisionari huko Seattle. Mwaka huohuo akaanzisha shirika lake la kimisionari kwa ajili ya viziwi wa Afrika. Mwaka 1957 akapanda chombo kuja bara hili.

Alifika Liberia, akaenda Ghana iliyokuwa imepata uhuru mwaka huo. Sehemu nyingi alizopita hapakuwa na shule hata moja ya viziwi. Watoto walifichwa nyumbani, wengine walitumwa kuchunga na kuuza vitu barabarani, wengine walionekana kama laana ya ukoo. Mjini Accra alianza na madarasa ya kuazima, akifundisha baada ya wanafunzi wanaosikia kuondoka. Waliofika hawakuwa watoto tu. Walikuja pia watu wazima ambao hawajawahi kukaa darasani, wakakaa pamoja na wadogo zao. Mwaka 1959 shule ikahamia Mampong, katika milima ya Akuapem.

Mwalimu yeyote anayewaza kidogo ataona ugumu wa darasa lile. Umewekewa mbele watoto ambao wengi wao hawana lugha yoyote. Hujui uanzie wapi, maana hata neno la kuelezea neno halipo. Foster alianza na mikono: alama, herufi za vidole, kisha maandishi ubaoni. Hili lilikuwa jambo la kishujaa kuliko linavyoonekana. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutazama midomo na kulazimishwa kutamka, na kwamba alama ziachwe. Azimio lile lilitawala shule nyingi za dunia kwa karibu miaka mia. Watoto walifungwa mikono au kuchapwa kwa kuonyesha alama. Foster hakukubali hilo. Yeye mwenyewe aliishi kwa alama.

Sayansi iliyokuja baadaye imemuunga mkono kwa namna ambayo hakuishi kuiona. Watafiti walipopiga picha ubongo wa viziwi waliokulia kwenye lugha ya alama, walikuta kwamba sehemu zilezile zinazofanya kazi ya lugha kwa anayesikia zinafanya kazi pia kwa anayetumia mikono. Hata sehemu za eneo la kusikia, ambazo ungetegemea zilale usingizi, zinaamka kiziwi anapotazama alama. Yaani ubongo haung'ang'anii sauti. Unataka lugha, kwa mlango wowote, mradi ije mapema. Mtoto kiziwi anayekua na wazazi wanaotumia alama huanza kubwabwaja kwa vidole kama vile mtoto anayesikia anavyobwabwaja kwa mdomo.

Kutoka Ghana kazi ikasambaa. Nigeria alianzisha shule Ibadan, Kaduna na Enugu. Mwaka 1959, kwenye kongamano la viziwi duniani lililofanyika Wiesbaden, Ujerumani, alikutana na Berta, binti wa Kijerumani ambaye naye alikuwa kiziwi. Walifunga ndoa Nigeria mwaka 1961 na kujaliwa watoto watano. Baadaye alijifunza Kifaransa ili aweze kufanya kazi katika nchi zinazokitumia, na akafika hadi Zaire ya wakati ule, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hakuishia kufungua milango ya shule. Aliwakusanya vijana viziwi kutoka nchi mbalimbali Ibadan, akawafundisha ualimu, wakarudi kwao kufundisha wadogo zao. Mwaka 1970 Gallaudet, chuo kilekile kilichomkataa, kilimpa udaktari wa heshima.

Simtaki awe malaika, maana hakuna mwalimu malaika. Alama alizokuja nazo zilikuwa za Kimarekani. Ghana kuna kijiji kinaitwa Adamorobe, ambako uziwi umekuwa ukirithiwa kwa vizazi, na watu wake, wanaosikia na wasiosikia, walikuwa na lugha yao ya alama tangu zamani. Watoto wa huko walipopelekwa shule Mampong walikuta alama nyingine, na lugha ya kijiji ikaanza kupungua nguvu. Ni kama sisi tulivyoacha Kifipa mlangoni tulipoingia darasa la kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli na wanaisimu wana haki ya kuisema. Ila kwa mtoto ambaye hakuwa na lugha yoyote, lugha ya mgeni iliyomfikia akiwa na miaka mitano ilimfaa kuliko lugha ya nyumbani ambayo haikumfikia kabisa.

Tarehe 3 Desemba 1987 Foster alipanda ndege ndogo ya kukodi nchini Rwanda, akiwa njiani kwenda Kenya. Ndege ilianguka karibu na Gisenyi, wakafa waliokuwemo. Alikuwa na miaka 62. Mwaka 2004 ukumbi mmoja wa Gallaudet ulipewa jina lake.

Hapa kwetu, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, ikaja Buguruni Dar es Salaam mwaka 1974, na nyingine zikafuata. Kuna Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na kuna Lugha ya Alama ya Tanzania. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto kifaa kinachoruka zile seli zilizokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Nacho kinatii saa ileile niliyoisimulia. Watafiti waliopima mawimbi ya ubongo ya watoto waliozaliwa viziwi waliona kwamba waliopata kifaa kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao ulianza kuitikia sauti kama wa wenzao ndani ya miezi michache. Waliokipata baada ya miaka saba, wengi wao mwitikio ulibaki nyuma. Kifaa kinafungua mlango, lakini njia za ndani zinakuwa zimeshaota nyasi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mtoto kiziwi asubiri kidogo: asubiri akue, asubiri nafasi bweni, asubiri hela ya kifaa. Tunapanga darasa la kwanza kwa miaka sita, na kiziwi wa kijijini mara nyingi anafika shule maalumu akiwa na minane au tisa. Tukisubiri hivyo, tunampokea wakati ubongo wake umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi ya kuchagua, na haukupewa cha kuchagua. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

Wenzangu, mwezi wa saba wengi wetu tunakwenda mafunzo kwa vitendo. Nina mambo matatu ya kuomba, yote hayana gharama kubwa. La kwanza, wiki ya kwanza tu ulizia kama shuleni kuna mwanafunzi asiyesikia vizuri, na umtoe dawati la nyuma umlete mbele anakouona uso wako. La pili, jifunze herufi za vidole za Lugha ya Alama ya Tanzania kabla hujaondoka hapa chuoni. Wiki moja inatosha, na viziwi wenyewe ndio walimu wazuri kuliko video. La tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote: ukikaa na akina mama wa mtaa unakopanga, waambie kwamba mtoto wa miezi sita asiyegeuka akisikia sauti nyuma yake, au wa mwaka mmoja asiyebwabwaja, apelekwe kupimwa masikio mwezi huohuo. Na wakati wanasubiri majibu, waanze kuzungumza naye kwa mikono. Hata majibu yakija kwamba anasikia vizuri, mtoto hatakuwa amepoteza kitu.